Fundi Anajibu: Diski ya kwenye ruta niifomati nini?

SWALI: Mambo fundi. Nina diski ya nje ya 1TB, ile isiyo na adapta yake, nataka ikae kwenye ruta sebuleni ili mimi kwenye laptopu, wife kwenye simu na watoto kwenye TV wote tuchukue muvi humo humo. Ilikuja na fomati (mtindo wa kupanga mafaili kwenye diski) ya exFAT, ruta ikawa haiioni kabisa. Jamaa yangu akaifomati FAT32 na kiprogramu chake, sasa inaonekana lakini muvi zingine zinagoma kuingia, naambiwa faili ni kubwa mno na nafasi ipo kibao. Mmoja ananiambia NTFS, mwingine ext4. Laptopu ni Windows na umeme huku unakatika muda wowote. Niende na ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Poa ndugu yangu. Kwanza tuelewane kitu kimoja maana ndo kinawachanganya wengi, diski ikiwa kwenye ruta anayeisoma ni ruta, sio laptopu yako. Laptopu na simu zinaomba faili kupitia Samba (programu ya ruta ya kugawa mafaili kwenye mtandao wa nyumbani), ruta ndo inaenda kulitoa, kwa iyo Windows kutoijua ext4 hapo hakukuhusu, muvi itafunguka kama kawaida. Cha kujiuliza ni ruta yako inasoma nini, na je diski itatulia hapo au utakuwa unaichomoa kila wikiendi.

FAT32 achana nayo, faili moja haliwezi kufika 4GB hata diski ingekuwa tupu, basi. exFAT haina huo ukomo, ila ruta nyingi ndani yake ni Linux (mfumo endeshi, kama Windows ilivyo kwenye laptopu), na Linux ilianza kuja na exFAT kwenye toleo la 5.4 mwaka 2019. Ruta kibao za madukani zinaendesha Linux ya zamani kuliko hiyo, sishangai yako haikuiona. Na hata ingeiona, kwa umeme wa hivyo nisingekushauri. NTFS na ext4 kabla ya kugusa mpangilio wa mafaili zinaandika kwanza pembeni zinachotaka kufanya, kama Mangi anavyoandika deni kwenye daftari kabla hujaondoka na unga, umeme ukirudi zinaangalia pale zilipoishia zinamalizia au zinafuta. exFAT na FAT32 hazina hiyo kitu. Kwa NTFS au ext4, muvi uliyokuwa unakopi utaianza upya tu, lakini yale mengine yote yanabaki yanasomeka.

Mimi ningeenda na ext4, kama ruta inaikubali (cheki kitabu chake au ukurasa wa mipangilio, sehemu ya USB). NTFS nayo inasomwa na ruta nyingi, ila zile zinazotumia ntfs-3g (programu ya kusomea NTFS kwenye Linux) kazi yote inaibebesha prosesa ya ruta, na prosesa yenyewe ni ndogo, kuangalia muvi moja hutaona tofauti ila kukopi folda zima utachoka mwenyewe.

Kufomati, hamisha kwanza vitu vyako, washa laptopu kwa flashi ya Ubuntu (aina ya Linux ya kompyuta), fungua terminali uandike sudo mkfs.ext4 -m 0 /dev/sdb1. Kabla ya hapo hakikisha kwa amri ya lsblk (inaorodhesha diski zote) kwamba sdb ndo diski yenyewe, ukikosea herufi unafuta laptopu! Hiyo -m 0 usiiache, bila hiyo ext4 inajitengea asilimia 5, yani karibu 50GB kwenye diski yako zinakaa bure. Ukimaliza, ruta ikikukatalia kuandika, sio diski mbovu, ni ruhusa za folda, irudishe kwenye Ubuntu uzirekebishe kwa chmod (amri ya kubadili ruhusa). Na siku ukiichomeka kwenye Windows itakuuliza kama unataka kuifomati. Bonyeza hapana, na waambie na watoto.

Ruta ikiikataa ext4, au wewe ni mtu wa kutembea na diski, chukua NTFS na wala huhitaji kufuta kitu, kwenye Command Prompt ya Windows andika convert E: /fs:ntfs (E weka herufi ya diski yako) itageuka na muvi zako humo humo. Kopi ya vile vya muhimu weka pembeni lakini, na ujue kurudi FAT32 ni mpaka ufomati.

Kingine, diski yako haina adapta, inakula moto wa ruta. USB 2 kawaida ni miliampea 500 tu, na diski inapoanza kuzunguka inataka zaidi. Ukisikia tik tik na taa inawaka inazima, usihangaike na kufomati, tafuta habu ya USB yenye adapta yake. Kama utanunua na ile UPS ndogo ya ruta (betri ya kuishikilia umeme ukikatika), soma kwanza adapta ya ruta imeandikwa 9V au 12V, ukiipa 12V ruta ya 9V unaweza kuiunguza.