Unafanyia kazi nyumbani? Ukikwama, usinyamaze

Wadogo zangu mlioanza kazi mwezi huu mkiwa nyumbani, mnarudia makosa yale yale ya kundi lililopita.

1. Kimya. Ofisini ukikwama, jirani anakuona umeshika tama, anakuuliza kulikoni. Nyumbani hakuna wa kukuona. Mgeni anapewa ripoti saa 3 asubuhi; saa 4 faili inagoma kwa sababu hajapewa ruhusa ya kuifungua, naye anaona haya kuuliza. Anahangaika, anajaribu njia hii na ile, hata chakula cha mchana hali. Saa 11 jioni msimamizi anauliza imefikia wapi. "Bado naifanyia kazi." Siku nzima imeliwa na jambo la dakika mbili, na msimamizi hana namna ya kumtofautisha aliyehenyeka na aliyelala. Inauma sana, maana aliyehenyeka ndiye anayehesabiwa mvivu.

Jipe nusu saa. Ikipita, andika kwenye kundi la timu, si kwa mtu mmoja ambaye pengine yuko likizo: unataka kufanya nini, umejaribu nini, ujumbe wa hitilafu ulionakiliwa neno kwa neno, na utashika kazi gani unaposubiri. Tafadhali, usiandike "Habari za leo" ukangoja kuitikiwa. Salamu na swali viende pamoja.

2. Saa. Kikao cha saa 3 asubuhi New York kwetu ni saa 10 jioni kuanzia Machi, na saa 11 kuanzia Novemba. Wao husogeza saa, sisi hatusogezi. Weka kalenda yako kwenye saa za Nairobi, usihesabu kwa vidole.

3. Umeme. Laptopu ina betri, ruta haina. Nunua betri ndogo ya akiba ya ruta, lakini kwanza soma kibandiko chini ya ruta: nyingi ni volti 12, nyingine 9 au 5. Ukizidisha volti, utaiunguza.

4. Mnapenda kusema kwamba nyumbani watu huzalisha zaidi. Ni kweli kwa wahudumu wa simu wa Ctrip, kampuni ya huduma za usafiri kule Shanghai, ambao mwanauchumi Nicholas Bloom na wenzake waliwafuatilia kwa miezi 9, 2010 hadi 2011: utendaji ulipanda kwa asilimia 13, hasa kwa sababu mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Ila walioruhusiwa walikuwa na angalau miezi 6 kazini, intaneti ya uhakika na chumba chao wenyewe, na siku 1 kwa wiki walikwenda ofisini. Wewe una wiki 2, tena uko sebuleni na televisheni inawaka. Isitoshe, hao waliobaki nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko wenzao wa ofisini wenye utendaji kama wao.

Kwa hiyo kila jioni, kabla hujafunga kompyuta, mwandikie msimamizi mistari mitatu: kilichokamilika, kilichokwama na kiko kwa nani, na utakachoanza nacho kesho.