Maswali ya Wasomaji: Dozi ya Kuondoa Klorini Unapobadilisha Maji ya Samaki Mara kwa Mara

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga samaki wa dhahabu katika tangi la kioo la lita 120 nililolianzisha mwezi uliopita. Kipimo kinaonyesha amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kila asubuhi, kwa hiyo kila siku ninatoa lita 30 na kujaza maji ya bomba. Chupa ya dawa ya kuondoa klorini niliyonunua imeandikwa mililita 5 kwa kila lita 40. Muuza duka ameniambia nipime kwa tangi zima, yaani mililita 15, kila ninapobadilisha maji. Mfugaji mwenzangu anasisitiza kwamba nipime kwa maji mapya tu. Nimfuate yupi, na je, kutia dawa hii kila siku hakutawadhuru samaki? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Wote wawili wamesema kweli, isipokuwa kila mmoja anazungumzia namna yake ya kujaza maji. Ukiyatia dawa maji mapya ndani ya ndoo kabla hayajaingia kwenye tangi, pima kwa maji hayo tu. Kwa lita 30 zako utahitaji mililita 3.75. Ukijaza kwa mpira moja kwa moja kutoka bombani, pima kwa tangi zima, na dawa itangulie kuingia kabla hujafungua bomba, kwa sababu itasambaa katika lita zote 120 ilhali klorini inaingilia mahali pamoja, na dozi ya lita 30 iliyotawanyika hivyo inaweza kuchelewa kuikamata kabla haijawafikia samaki.

Katika hali yako ninakushauri utumie ndoo, na sababu yake ni ya kihesabu. Unapotoa robo ya maji, robo ya dawa iliyomo hutoka pamoja nayo na robo tatu hubaki. Ukitia dozi ya tangi zima kila siku, siku ya pili tangi litakuwa na dozi moja na robo tatu, siku ya tatu litapita dozi mbili, na kiasi kitazidi kupanda hadi kukaribia dozi nne, tukichukulia kwamba dawa haivunjiki wala haitumiki. Kwa kweli sehemu yake hutumika kila inapokutana na klorini, hivyo kiasi halisi huwa chini ya hapo, lakini mwelekeo ni huo. Anayebadilisha nusu ya maji kila siku kwa mtindo huohuo hawezi kupita dozi mbili, ilhali anayebadilisha sehemu ya kumi tu anaelekea dozi kumi. Wafugaji wengi hudhani kinyume chake, kwamba anayebadilisha maji kidogo kidogo ndiye aliye salama zaidi. Kwa njia ya ndoo, kila lita inayoingia ina kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo tangi haliwezi kuzidi kipimo hicho hata ukibadilisha maji kila siku mwaka mzima.

Dozi ikizidi mara mbili kwa bahati mbaya, kwa kawaida samaki hawapati madhara, na baadhi ya watengenezaji huruhusu hata zaidi ya hapo wakati wa dharura. Soma chupa yako. Hatari ya kuzidisha sana ni upungufu wa oksijeni. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuiondolea klorini nguvu yake ya kuunguza, na baadhi ya viambato vyake, hasa vya jamii ya salfaiti, visipokuta klorini hula oksijeni iliyomo majini. Maji ya nyuzi 25 hubeba takribani miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba takribani 7.5 tu, kwa hiyo mfugaji wa Dar es Salaam ana akiba ndogo kuliko vitabu vingi vya ufugaji vinavyodhani. Iache pampu ya hewa ikifanya kazi wakati wote wa kubadilisha maji. Pima dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano badala ya kukadiria kwa kifuniko, kwa kuwa kosa la mililita mbili ni dogo katika tangi zima lakini katika ndoo ya lita 10 ni zaidi ya dozi nzima.

Dawa ikishaingia kwenye ndoo, koroga na usubiri dakika chache. Klorini yenyewe hukamatwa haraka sana. Dakika hizo ni za kuhakikisha kwamba maji yamechanganyika vizuri. Halafu pima joto. Maji ya alasiri kutoka kwenye tangi jeusi la juu ya nyumba huwa ya moto kiasi cha kuwashtua samaki wa dhahabu, ambao kwa asili hupenda maji ya baridi, na ndivyo dawa inavyolaumiwa bure kwa madhara yaliyoletwa na joto. Ndoo ikae kivulini hadi joto lilingane na la tangi.

Ninaongeza tahadhari mbili kwa mazingira yetu. Chupa ndogo zinazouzwa madukani na kwenye maduka ya dawa kwa ajili ya kutibu maji ya kunywa, kama WaterGuard, zina klorini ndani yake, kwa hiyo unapomtuma mtoto dukani eleza wazi kwamba unataka dawa ya samaki ya kuondoa klorini. Vilevile, baada ya mafuriko au matengenezo ya mabomba, mamlaka ya maji inaweza kuongeza klorini. Ukisikia harufu kama ya jiki kwenye ndoo, usiamini dozi yako ya kila siku. Karatasi za kupimia klorini zinazotumika kwenye mabwawa ya kuogelea zitakuonyesha kama dawa uliyotia imetosha.

Ikitokea umesahau na samaki wakaanza kuhema juu ya maji huku matamvua yakienda mbio, tia mara moja dozi ya tangi zima na uongeze hewa. Usipoteze muda kuwahamisha samaki.

Kuhusu amonia inayokufanya ubadilishe maji kila siku, tangi lako bado halijaota bakteria wa kutosha wa kuila amonia hiyo kwenye chujio, na jambo hilo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi nane. Klorini huwaua bakteria haohao, hivyo usioshe sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Punguza pia chakula, kwa kuwa amonia yote unayoipima ilianza kama chakula. Baadhi ya chupa hudai kwamba dawa hufunga amonia kwa siku moja au mbili. Mimi siitegemei ahadi hiyo katika tangi lenye tatizo la kila siku, na ninaona afadhali kutoa maji.

SWALI: Ninaishi Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, na ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika aina ya Tropheus katika maji yenye pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya 9. Rafiki yangu wa Mwanza huacha maji ya bomba kwenye ndoo usiku kucha na hatumii dawa yoyote. Je, na mimi naweza kufanya hivyo?

JIBU: Hapana. Klorini ya kawaida huondoka hewani ndoo ikiachwa wazi kwa takribani siku nzima, na huondoka upesi zaidi ukiweka pampu ya hewa, kwa hiyo rafiki yako yuko salama iwapo maji yake yana klorini tupu na yanakaa muda wa kutosha. Maji ya Washington yamekuwa yakitibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, tangu Novemba 2000, isipokuwa wiki chache za majira ya kuchipua ambapo hutumika klorini peke yake ili kusafisha mabomba. Kloramini haiondoki kwa kuachwa usiku kucha.

Kwako kuna jambo jingine linaloongeza uzito. Dawa inapoivunja kloramini, klorini hunaswa lakini amonia huachiwa huru, kiasi cha takribani miligramu 0.2 kwa kila miligramu 1 ya klorini iliyokuwemo. Tuseme bomba lina miligramu 3 kwa lita nawe unabadilisha robo ya tangi: utaongeza takribani miligramu 0.15 za amonia kwa lita. Katika maji yenye pH 7 na nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo huwa katika hali yenye sumu. Katika pH 9 huwa zaidi ya theluthi moja. Kiasi ambacho samaki wa mtu mwingine wasingekihisi, kwa Tropheus wako kinafikia mpaka wa madhara. Chagua dawa iliyoandikwa waziwazi kwamba inashughulikia kloramini pamoja na amonia, itie kwenye pipa la maji mapya kabla ya kuyahamisha, na badilisha sehemu ndogo kwa wakati mmoja ili chujio lililokomaa lipate nafasi ya kuila amonia inayobaki. Usibadilishe utaratibu huo katika zile wiki za klorini tupu, kwa kuwa dawa hiyohiyo huziweza zote mbili. Ukipima amonia mara tu baada ya kutia dawa, kipimo kinaweza kuonyesha hata ile iliyofungwa. Vipimo vya amonia vya aina ya Nessler, ambavyo rangi yake huwa ya manjano, ndivyo vinavyopotosha zaidi, kwa hiyo tumia vya salisileti, ambavyo rangi yake huwa ya kijani.

SWALI: Dawa za dukani ni ghali. Je, chumvi ya thiosalfeti ya sodiamu, ile iliyokuwa ikitumiwa na wasafishaji wa picha, inafaa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inafaa kwa klorini, na ndiyo kiambato kikuu cha dawa nyingi za bei nafuu. Kipimo salama ni miligramu 7 za chumvi hiyo kwa kila miligramu 1 ya klorini. Yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji safi, upate miligramu 10 katika kila mililita. Ndoo ya lita 20 yenye klorini ya miligramu 1 kwa lita itahitaji mililita 14. Nunua chumvi isiyochanganywa na kitu kingine, kwa sababu dawa za picha zilizochanganywa tayari huwa na kemikali nyingine. Mchanganyiko huo huharibika taratibu, hivyo tengeneza kidogo, uweke kwenye chupa ya rangi nyeusi mbali na watoto, uandike tarehe, na uumwage ukiona unga mweupe au wa manjano umetuama chini. Haiondoi amonia, kwa hiyo mahali penye kloramini haitoshi peke yake.