Maswali ya wasomaji: Vijana wenye nguvu za hatari

Barua nyingi za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zinazunguka jambo moja: riwaya za dunia ijayo yenye utawala wa mabavu, ambamo vijana wamezaliwa na uwezo usio wa kawaida na wakubwa wanauogopa. Tumechagua zile zinazouliza mambo yanayowakwamisha waandishi wengi.

Shikamooni wahariri. Naandika juu ya Atupele, msichana wa miaka 16 anayetoa moto mikononi. Wenzangu wa bweni wamesoma sura tatu wakasema ni nzuri, ila hawana wasiwasi naye kwa sababu kila akibanwa anawachoma askari na mambo yanaisha. Nirekebishe wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa*

Marahaba. Wenzako wamekusomea vizuri, wasikilize. Moto wa Atupele hauna gharama, na nguvu isiyomgharimu mwenyewe haimtishi msomaji wala haimpi huruma. Kabla hujaandika sura ya nne, chukua karatasi ujibu mambo manne: moto unatoka wapi, unafika umbali gani, unamla nini, na ukishatoka nani anaweza kuuzuia. Hilo la tatu ndilo litakaloibeba riwaya yako.

Tuseme joto linatoka mwilini mwake mwenyewe. Fizikia uliyosoma shuleni inatosha kupata hesabu. Maji ya bomba ya Njombe asubuhi ya Juni yana nyuzi kama 15, na kwa mwinuko ule yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Kuchemsha lita moja kunataka kama kilojuli 330. Mwili wa kilo 50 ukipoa kwa nyuzi moja unatoa kama kilojuli 175. Kwa hiyo lita moja tu, chai ya watu watatu, inamshusha Atupele kutoka nyuzi 37 hadi 35 na kidogo. Hapo mwili unatetemeka, ulimi unakuwa mzito, vidole vinashindwa kufunga kifungo cha shati. Lita tatu zinamfikisha karibu na 31, ambako kutetemeka kumeshakoma, akili imevurugika na anachotaka ni kulala. Dumu la lita tano huenda lisimrudishe.

Sasa angalia upande wa pili. Kuwasha kitu kikavu hakumgharimu karibu chochote, maana kuni zinaungua kwa nguvu zake zenyewe. Mweke katika mashamba ya paini ya Sao Hill, Mufindi, mwezi wa Oktoba, majani makavu yamejaa chini. Anachohitaji ni ncha ya kidole. Kuuzima sasa! Moto unaopanda mlima huongeza kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 za mteremko, na askari watakuwa chini yake huku kijiji kiko juu. Hapo msomaji anaanza kuogopa, kwa sababu silaha rahisi kuliko zote ndiyo asiyoweza kuirudisha.

Kosa linalofuata hutokea kwenye sura ya baadaye: mwandishi anasahau. Usiku kaanguka kwa baridi, asubuhi anakimbia mlimani. Mpe saa za kutosha za blanketi, uji mtamu wa moto na mwili wa mtu mwingine ubavuni. Na wenzake wasimsugue mikono na miguu, kwani mtu aliyepoa kiasi hicho akisuguliwa damu ya baridi hurudi moyoni na inaweza kumuua. Mmoja wao akilifanya hilo kwa upendo, umepata sura nzima.

Umeandika: "Atupele alikasirika, moto ukamtoka, askari wote wakateketea." Jaribu kusogea karibu: "Kola ya askari wa mbele ilianza kufuka. Atupele alitaka kumwambia aivue jaketi, lakini ulimi ulikuwa umekufa. Akatazama chini, akaona kamba za viatu vyake zimelegea, akajua hana vidole vya kuzifunga." Moto ni uleule, ila sasa msomaji anajiuliza atakimbiaje.

Mhusika wangu Lusajo anasikia mawazo ya watu. Ndani ya kurasa 40 ameshajua siri zote, sina cha kuendeleza.
*Msomaji, Mbeya mjini*

Watu huwaza kwa lugha zao. Mpeleke Lusajo soko la Mwanjelwa Jumamosi asubuhi: huyu anawaza kwa Kinyakyusa, yule kwa Kisafwa, wengine Kindali, Kinyiha na Kiswahili, na Lusajo aliyekulia mjini anajua mbili tu kati ya hizo. Ofisa anayemwinda akiwa Msafwa, kijana atasikia kila kitu asielewe neno. Itabidi amtafute bibi wa kumtafsiria, na kumwamini.

Tena mawazo hayaji kama hotuba. Mtu mwenye siri kubwa muda mwingi anawaza kiatu kinachombana, bei ya gunia la viazi, mtoto aliyelala na homa. Siri hupita mara moja, nusu sentensi, kisha inazama. Weka mpaka wa umbali, mathalani hatua nne, na ndani ya daladala iliyojaa sauti zote ziingie pamoja asiweze kuzichambua. Gharama yake iwe hii: akikaa muda mrefu kati ya watu, anaanza kukosea lipi ni wazo lake. Anasimama dukani akidai dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Nafundisha shule ya msingi. Wanafunzi wangu wanapenda kuandika hadithi za watoto wenye uwezo wa ajabu. Nahofia tunawaambia kwamba uchawi ni kweli, na huku kwetu neno hilo limeua watu. Mnashauri nini?
*Mwalimu, Rungwe*

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, nasi tunaomba kila anayeandika hadithi hizi aibebe. Nchi yetu ina Sheria ya Uchawi iliyoanza mwaka 1928 wakati wa Waingereza na bado imo vitabuni, sura ya 18. Tunajua pia kwamba wapo vikongwe waliouawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, ambayo chanzo chake ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa sababu ya uongo kwamba viungo vyao vinaleta utajiri.

Kwa hiyo tuna masharti matatu ambayo hatuyalegezi. Alama ya nguvu isiwe kitu ambacho binadamu halisi anacho: rangi ya ngozi, macho mekundu, kifafa, mapacha, kigugumizi. Nguvu isikae kwenye kiungo, na isiweze kukatwa, kunywewa, kuuzwa wala kurithiwa kwa damu iliyomwagwa. Na mwenye kumtuhumu mtoto asithibitishwe na hadithi kuwa alikuwa sahihi. Hata kama mtoto kweli ana uwezo, madai kwamba ndiye aliyeleta ukame au kifo cha jirani yabaki kuwa uongo, na msomaji auone uongo huo unavyotengenezwa, nani kaanza kusema na nani amepata shamba.

Ukiyashika haya, hadithi inafanya kazi kinyume na unavyohofia. Inamweka msomaji ndani ya ngozi ya anayetuhumiwa. Wala aina hii ya uandishi si ngeni kwetu. Shaaban Robert alichapisha *Kusadikika* mwaka 1951, nchi ya kubuni inayoelea angani ambako mtu anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na hoja nzima inapiganiwa barazani mbele ya mfalme. Wanafunzi wako wanaweza kuanza na zoezi hilohilo: mtoto mwenye uwezo amesimama mbele ya baraza, aandikiwe mashtaka na utetezi, kurasa mbili kila upande.

Utawala wa riwaya yangu umewafungia vijana 200 kwenye kambi ya siri Kitulo. Rafiki yangu anasema kambi ya siri ya ukubwa huo haiwezekani. Nani ana haki?
*Msomaji, Makambako*

Nyote wawili, na ugomvi wenu ndio utakaokupa njama ya riwaya. Piga hesabu ya chakula. Vijana 200 kwa nusu kilo ya unga kila mmoja ni kilo 100 kwa siku, yaani gunia zima. Maharage gramu 150 kila mmoja, kilo 30. Lori la tani 10 linawalisha siku 76 hivi, bila kuhesabu walinzi. Na walinzi ni wengi kuliko waandishi wanavyodhani: kutaka watu 10 lindoni saa zote unahitaji zamu tatu, watu 30, na ukiongeza wagonjwa na walio likizo wanakaribia 40. Nao wanakula, wanapiga simu kwao, wanadai posho.

Kisha kuni. Uwanda wa Kitulo, ambao ni hifadhi ya taifa, uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyasi na maua, miti ni haba. Juni na Julai usiku sakitu inaganda kwenye nyasi. Kila gogo la kupikia linapandishwa kutoka chini, na njia inayojulikana ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, ndiyo maana wenyeji wanaiita Hamsini na Saba. Lori lililojaa likipandisha pale mwezi wa Februari, mvua imeshika, tope limekaa kwenye kona, halifiki. Njaa ya kambini basi ina msimu wake, na mkuu wa kambi anaijua tarehe yake mapema. Usiandike kwamba aliwanyima chakula kwa ukatili tu. Andika kwamba lori limekwama, gunia zimebaki nane, na lazima aamue nani asile.

Siri inavuja hapohapo. Lori hilo limepita mizani ya Makambako, na pana karatasi yenye uzito wake. Kuna aliyepakia na aliyejiuliza unga wote huu unakwenda hifadhini kulisha nani. Dada wa mfungwa akiwa karani wa mizani, hahitaji nguvu zozote za ajabu kuipata kambi. Tungekushauri sana umwandike huyo dada.

Kuwapata vijana ni rahisi kuliko kuwalisha. Kadi za kliniki zipo, madaftari ya shule yapo, mjumbe wa nyumba kumi anajua nani kaunguza pazia bila kiberiti. Ila utawala upewe sababu ya kweli ya kuogopa: tukio moja lenye maiti, lililosababishwa na kijana asiyekusudia. Bila hilo wakubwa wanakuwa vinyago. Na muuguzi anayepima damu kambini awe na mshahara na watoto wa kusomesha.

Ukitaka kujua utawala wenye hofu unafanya nini, soma Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Watu waliamini maji ya dawa yatageuza risasi kuwa maji. Wajerumani walijibu kwa bunduki, halafu wakachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata kusini iliua wengi kuliko risasi. Wenye mabavu wakishindwa kuielewa nguvu, hushambulia kinachomlisha mwenye nayo.

Ukiona Kitulo ni pagumu mno, fikiria reli ya TAZARA. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho chenye mahandaki na madaraja mengi kuliko vyote. Handaki lililoachwa katika riwaya ya mwaka 2090 lina giza, maji yanayodondoka na milango miwili tu. Ni rahisi kulilisha kwa kiberenge, na kutoroka ni kugumu zaidi. Kitulo kijana anatoka uani bila shida, kisha anaonekana kilomita nzima kwa kuwa hakuna pa kujificha.

Kamwene! Kundi langu lina vijana tisa, kila mmoja na nguvu yake. Wasomaji wanawachanganya.
*Msomaji, Njombe*

Kamwene. Bakiza wanne. Waliobaki waunganishe au wawe watu wa kawaida, maana kundi linahitaji pia asiye na uwezo wowote, na mara nyingi ndiye msomaji anampenda. Nguvu mbili zisifanye kazi moja. Kipimo ni hiki: mwondoe mmoja, kama mpango wa kutoroka bado unafanikiwa, hakuwa na kazi. Majina yasianze na herufi moja. Ambakisye, Atupele na Anyelwisye katika ukurasa mmoja ni mtego, hata kama ndivyo wanavyoitwa watoto wa Tukuyu.

Riwaya iwe na maneno mangapi, na nifanye nini nisiibiwe kazi yangu?
*Msomaji, Mafinga*

Kwa vijana, maneno 45,000 yanatosha. Kitabu cha A5 chenye maneno kama 300 kwa ukurasa kitafika kurasa 150, na ukiongeza kurasa za mwanzo unapata 160, ambazo zinagawanyika kwa 16 bila kuacha kurasa tupu mtambo ukikunja karatasi. Ukizidisha kidogo hapo utalipia kurasa usizozitumia, kwa hiyo zungumza na mpiga chapa kabla ya kupanga maandishi.

Hakimiliki ni yako tangu umeandika. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakupa ushahidi pakitokea ugomvi. Namba ya ISBN, inayotambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukituma mswada kwa mchapishaji, tuma sura tatu za kwanza na muhtasari wa ukurasa mmoja unaotaja mwisho wa hadithi waziwazi. Wengi huuficha mwisho wakidhani wanamvutia mhariri, naye anaurudisha mswada kwa kuwa hajui kama mwandishi anaweza kumaliza.