Kabla ya paa la Msikiti wa Kilwa, tuulizane habari ya chokaa

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani uezekwe upya au uachwe gofu?" Nasema uachwe. Ila mmeruka hatua: kuta zenyewe zinazibwa kwa kitu gani?

Saruji imeharibu magofu mengi ya pwani. Matumbawe, mawe ya kuta hizo, yana vinyweleo, unyevu na chumvi hupita humo na kutoka. Ukipiga lipu ya saruji chumvi hukwama nyuma yake, na siku inapobanduka unakuta jiwe limekuwa unga. Chokaa inataka subira. Ikitoka tanuuni izimwe kwa maji, ilale shimoni wiki tatu au zaidi, kisha kipimo 1 kwa 3 za mchanga uliooshwa chumvi. Lipu iwe nyembamba, ifunikwe magunia yaliyolowa. Jua likiiwahi, inapukutika.

Sasa paa. Ukumbi wa kaskazini, wa karne ya 11 hivi, ulikuwa na paa bapa. Mapema karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, akaongeza ukumbi mkubwa wa kusini. Nguzo zake zilichongwa kila moja kwa tumbawe zima. Ufundi mtupu, lakini ukumbi ule ulianguka. Karne ya 15, enzi ya Sultani Sulaiman, waashi wakaunyanyua tena, na nguzo za jiwe moja wakaachana nazo. Walijenga nguzo nene za pembe 8, mawe madogo yaliyoshikwa kwa chokaa, juu wakapandisha kuba na mapaa ya tao. Wanachopiga picha watalii leo ni matengenezo hayo!

Hapo nalegea kidogo. Kama watu wa Kilwa wenyewe waliubadilisha msikiti wao ulipowashinda, kwa nini sisi tuseme mkono wa mwisho ulikuwa wao?

Basi uezekwe, ukumbi wa kaskazini tu, kwa boriti za mikoko na chokaa. Boriti hazivuki mita 3 hivi, kwa hiyo nguzo zitasongamana, asilalamike mtu. Na litengwe fungu la kukagua paa kila baada ya masika, maana mbegu ya mtini ikiingia kwenye ufa, mizizi hupasua ukuta. Fungu hilo lisipokuwepo, narudi kwenye jibu langu la kwanza. Na kama saruji imeshashushwa Kilwa Masoko, irudishwe dukani.