Kambini au nje? Chagueni nyumba kwa ajili ya anayebaki

Mume wangu aliporipoti Joint Base Lewis-McChord, kambi ya jeshi la Marekani katika jimbo la Washington, tulilala hotelini siku kumi na mbili na mtoto ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea. Kila jioni swali lilikuwa lile lile: tukae kambini au tupange nje? Tukachukua kalamu tukapiga hesabu. Nje tungebakiwa na kama dola 300 za posho ya nyumba kila mwezi, na hizo tayari zilikuwa na kazi, karo ya mdogo wangu kule Voi. Hatukujiuliza jingine. Tukapanga Lacey, mji ulio karibu na kambi, ghorofa ya pili.

Mwezi wa pili kikosi chake kikaenda mazoezini Yakima, ng'ambo ya milima. Usiku wa tatu mtoto akashikwa na homa, mwili unachoma kama pasi. Gari lilikuwa limeegeshwa pale chini, naliona dirishani. Funguo zilikuwa zimetundikwa mlangoni. Leseni sikuwa nayo, na sikuwahi kushika usukani maishani. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa leso, nikashuka, nikagonga mlango wa jirani ambaye hata jina lake sikulijua. Alikuwa mzee wa makamo, akavaa koti juu ya nguo za kulalia akatupeleka hospitali ya jeshi ya Madigan bila kuuliza maswali. Mtoto alipona. Lakini tangu usiku ule najua kwamba hesabu yetu ya hotelini ilikuwa na kasoro: tulimpigia hesabu askari, na askari ndiye anayeondoka.

Tangu hapo tumekaa kambini miaka mitatu, na sasa tuko nje tena. Nawaandikia ninyi mnaofika sasa, hasa nyinyi wake na waume wa askari mliotoka kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu ushauri mwingi mtakaopewa na Wamarekani ni mzuri, ila wao hawana mama anayekuja kukaa miezi sita.

Tuanze na pesa, maana hamtatulia mpaka mzielewe. Askari mwenye familia hulipwa posho ya nyumba, wenyewe wanaiita BAH. Haikatwi kodi ya mapato. Kiwango chake hutegemea cheo, kama ana familia au hana, na mahali kituo chake cha kazi kilipo. Mahali pa kituo, si mahali unapolala: ukipanga Yelm, Spanaway au Tacoma, posho ni ile ile. Viwango hupangwa upya kila Januari. Vikishuka, wewe uliyekwisha kuwa pale hupunguziwi, mradi hujahamishwa kituo, hujashushwa cheo, wala hali ya familia haijabadilika. Na tangu 2019 posho imewekwa ifidie asilimia 95 ya gharama za wastani za eneo, kwa hiyo ikipelea kidogo msidhani mmeibiwa.

Nyumba nyingi za familia kambini haziendeshwi na jeshi lenyewe. Kwa sheria ya mwaka 1996 zilianza kukabidhiwa kampuni binafsi, na kampuni hizo kwa kawaida huchukua posho yote kama kodi ya nyumba. Hapo ndipo wengi huona kambini ni hasara. Lakini hesabuni mpaka mwisho. Sisi tulihesabu kodi peke yake. Hatukuhesabu maji, takataka, intaneti, bima ya vyombo vyetu ndani ya nyumba ya mtu, wala petroli ya kwenda na kurudi. Hatukuhesabu baridi. Washington ya Novemba mpaka Machi ni mvua na giza, na nyumba yetu ilipashwa joto kwa umeme; bili ya Desemba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Septemba. Ilipofika Januari, zile dola 300 zilikuwa zimebaki 90.

Kuna jambo moja la posho ambalo wenye watoto wengi hawaambiwi mapema. Posho haiongezeki kwa idadi ya watoto. Mwenye mtoto mmoja na mwenye watano, wakiwa cheo kimoja na kituo kimoja, hupata senti sawa. Kambini, lakini, vyumba hugawiwa kwa kuangalia pia ukubwa wa familia. Dada mmoja rafiki yangu ana watoto wanne na mumewe alikuwa bado cheo cha chini. Nje, posho ile ingempatia vyumba viwili. Kambini alipewa vyumba vinne na uwanja wa kuchezea mbele ya mlango. Kwake halikuwa swali hata kidogo.

Mkienda kuangalia nyumba za nje, msitaje posho yenu ni kiasi gani. Viwango vimetangazwa hadharani na wenye nyumba wengi wa maeneo haya wanavijua, lakini ukijitajia mwenyewe umeshamwambia mwenzako bei. Ulizeni kodi, mnyamaze, msikilize.

Baada ya pesa, angalieni saa. Mazoezi ya asubuhi ya jeshi kwa kawaida huanza saa kumi na mbili na nusu. Tulipokuwa Lacey mume wangu aliondoka saa kumi na moja ili awahi foleni ya geti na ya barabara kuu ya I-5, ambayo hapa inapita ubavuni mwa kambi na hujaa kila siku ya kazi. Alirudi jioni mtoto amechoka analialia. Tulipohamia kambini, alimaliza mazoezi, akarudi kuoga, akanywa chai nasi, akamvalisha mtoto soksi, ndipo akaenda kazini. Nusu saa ile sikujua thamani yake mpaka nilipoipata.

Sasa nirudi kwa anayebaki. Mke asiyeendesha gari, asiye na ndugu karibu, Kiingereza chake bado kizito, mwenye mtoto mchanga: kwa huyu nasema bila kusita, mwaka wa kwanza aanzie kambini. Duka la vyakula la jeshi liko ndani, hospitali iko ndani, na majirani wote wanajua maana ya mume kuwa mazoezini. Jirani yangu wa kambini, mama wa Texas, alikuwa na kalenda ya kikosi cha mumewe kwenye friji. Aliponiuliza kikosi chetu kinaondoka lini, alichukua kalamu akaandika tarehe zetu pia, kwa wino mwingine, na siku ile ilipofika akaja na sufuria ya supu. Alinifundisha kuendesha gari katika maegesho matupu siku za Jumapili.

Lakini kambini ina geti, na hapa ndipo familia zetu huumia. Mama yangu alikuja nilipojifungua mtoto wa pili. Uwanja wa ndege aligongewa muhuri wa miezi sita, tukashukuru Mungu. Kambini mambo yakawa mengine. Mgeni asiye raia wa Marekani lazima aombewe kibali kwenye ofisi ya wageni, akaguliwe, na awe na mwenyeji wa kumdhamini. Tena mkataba wetu wa nyumba uliruhusu mgeni kulala siku 30 tu bila ruhusa ya maandishi. Tulikuwa hatujausoma ukurasa ule. Nikiwa na mtoto wa wiki tano nilikuwa naandika barua kueleza kwa nini bibi anahitaji kukaa na wajukuu wake. Ruhusa ilipatikana, ila kwa wiki tatu mama alikaa kama mtu aliyefunga mizigo. Hakutaka hata kupanga nguo zake kabatini.

Na siku wanawake wa chama walipokuja kumwona mtoto! Walikuwa kumi na mmoja, wamebeba sufuria za pilau, uji wa wimbi na leso mpya za mama mzazi. Wanne walizuiwa getini. Walikuwa na leseni ya kawaida ya Washington, ile ambayo kwa juu imeandikwa kwamba ina mipaka kwa shughuli za serikali kuu, na pasipoti walikuwa wameacha nyumbani. Walirudi Kent na sufuria zao. Siwezi kusahau mama yangu alivyosimama dirishani akiuliza, "Kwani wageni wa mzazi wanarudishwaje mlangoni?"

Kwa hiyo kama mnatarajia wazazi kuja kukaa, au nyumba yenu ndiyo ya kukutania ndugu na waumini wenzenu, ulizeni mambo matatu kabla ya kusaini chochote kambini: mgeni wa nje ya nchi anaingiaje, anaruhusiwa kulala siku ngapi, na ruhusa ya zaidi inaombwa kwa nani na muda gani kabla. Kila kambi ina taratibu zake, na hali ya usalama ikibadilika nazo hubadilika. Msikubali jibu la mdomo. Nje hakuna geti, ingawa hata huko mikataba mingi huweka kikomo cha wageni, basi someni pia.

Kazi ya anayebaki nayo ihesabiwe. Wengi wetu hapa tunafanya kazi ya kuwatunza wazee, na zamu za usiku ziko Tacoma, Lakewood, Federal Way. Ukiwa na ndoto ya kufungua nyumba yako ya kulelea wazee, kama walivyofanya Wakenya wengi wa jimbo hili, hiyo haifanyiki katika nyumba ya kambini.

Nyumba yenyewe ikagueni kwa mikono, kambini na nje. Nyumba yetu ya kambini ilikuwa nzuri kwa macho, rangi mpya, zulia jipya. Mwezi wa nne nikaanza kusikia harufu kama ya gunia lililoloa. Tukasogeza kabati la chumba cha watoto: ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa kuvu kutoka chini hadi kiunoni kwangu. Bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Nilipiga simu mara tano kwa kampuni iliyokuwa ikiendesha nyumba zile. Mara ya kwanza walikuja wakapaka rangi juu yake. Mtoto alikuwa anakohoa kila usiku. Kilichosaidia hatimaye ni kuacha simu na kuandika: kila ombi kupitia programu yao, namba ya ombi nikainakili, picha yenye tarehe, kisha nakala nikapeleka ofisi ya nyumba ya jeshi, ambayo ni tofauti na kampuni na kazi yake ni kumtetea mpangaji. Mume wangu akamweleza mkuu wake wa kikosi. Ndani ya wiki mbili ukuta ulibomolewa.

Hatukuwa peke yetu. Malalamiko ya familia za askari kuhusu kuvu, panya na rangi yenye madini ya risasi yalifika mpaka bungeni Washington D.C., na kutokana nayo ilipitishwa sheria ya haki za wapangaji wa nyumba za jeshi. Mojawapo ya haki hizo ni kupewa kumbukumbu za matengenezo ya nyumba kwa miaka saba iliyopita. Ziombeni kabla ya kusaini. Mkiona bomba la chumba kile kile limetengenezwa mara nne, mmeshajua. Siku ya kupewa funguo fungueni kabati la chini ya sinki na mwingize mkono mpaka nyuma, inueni pembe ya zulia karibu na dirisha, vuteni pumzi chumba kikiwa kimefungwa, na rekodini video kuanzia mlangoni.

Kwa watakaopanga nje, woga mkubwa ni huu: tukipewa uhamisho mkataba haujaisha itakuwaje? Sheria ya nchi nzima inayoitwa SCRA inamruhusu askari kuvunja mkataba bila faini akipata oda ya kuhamishwa kituo, au ya kupelekwa kazini mbali kwa siku 90 au zaidi. Mnampa mwenye nyumba barua pamoja na nakala ya oda, na kwa kodi ya kila mwezi mkataba hufa siku 30 baada ya tarehe inayofuata ya kulipa kodi. Mkipeleka barua tarehe 10 Aprili na kodi yenu ni tarehe 1, mkataba unaisha tarehe 31 Mei. Kuna mwenye nyumba mmoja wa Lacey aliyedai miezi miwili zaidi. Mwanasheria wa kambini, ambaye askari na familia yake hawamlipi, aliandika barua ya ukurasa mmoja, dai likaisha. Ila tazameni msiwekewe karatasi ya pembeni inayosema mnaacha haki zenu za sheria hiyo. Ikiwemo, msiisaini.

Shule: nje, anwani ndiyo huamua shule, na hata watoto wa kambi hii wakifika sekondari husoma nje ya geti, basi tazameni mbele. Kununua nyumba kwa mkopo wa VA, idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu, ule usiodai malipo ya awali, ni jambo jema, lakini si katika mwezi wa kwanza wa mji usioujua. Kaeni mjue kwanza maji ya mvua yanatuama wapi.

Na jambo la mwisho la kufanya kesho asubuhi: nendeni ofisi ya nyumba mkaombe nafasi ya kambini hata kama mioyo yenu iko nje. Foleni inaweza kuwa ya wiki au ya miezi. Ulizeni mkiitwa mkakataa jina linakwenda wapi. Mwende wawili, mume na mke, na mtoto kama hamna wa kumwachia, ili anayebaki aijue ile ofisi na mlango wake kabla kikosi hakijaondoka.