Nimekuta vidonge vya uzazi wa mpango kwenye begi la binti yangu, nivitupe?

"Shikamoo Shangazi. Nina binti wa miaka 17. Mimi Mkatoliki, baba yake Muislamu, na mtoto amekulia kote kote, Jumapili anakuja kanisani na mimi, Ramadhani anafunga na baba yake. Alhamisi nikitafuta nguo za kufua kwenye begi lake nikakuta pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango, vimemezwa mpaka cha Jumatano. Nimeichukua nimeificha kabatini kwangu. Leo Jumapili hajaniuliza kitu, anapitapita tu hataki hata kuniangalia usoni. Baba yake hajui, akijua patawaka moto. Nikimrudishia ni kama nimembariki azini, alafu kwenye dini zote mbili uzazi wa mpango wenyewe ni dhambi. Nivitupe? – Mama Mwenye Hofu"

Marhaba mdogo wangu, na pole, maana najua hujalala.

Kabla ya dini na kabla ya baba mtu tuanze na hiyo pakiti iliyoko kabatini kwako, hiyo ndo yenye haraka. Vidonge hivi kazi yake inatokana na kumezwa kila siku, homoni yake inalizuia yai lisitoke, sasa mtu akiruka siku mbili au zaidi kinga inalegea na inabidi ameze siku 7 mfululizo ndo irudi, na katikati hapo atumie kondomu au asikutane na mtu kabisa. Wewe umeikalia toka Alhamisi. Kaitoe uiangalie vizuri, kama ni ile ya vidonge 28 basi mara nyingi mstari wa mwisho una vidonge 7 vya rangi tofauti, hivyo havina homoni, kama alikuwa ameshafika huko hasara sio kubwa, ila kama alikuwa katikati ya pakiti basi mwanao yuko wazi toka mwisho wa wiki na huenda hata hajui kwamba kuna cha kufanya. Ulivyoficha hujazuia zinaa mdogo wangu, umeondoa kinga tu. Na kama kuna lililotokea siku hizi za katikati, kuna vidonge vya dharura, vile vya kawaida vinatakiwa ndani ya siku 3 na mapema ndo bora, kuna aina nyingine inafika mpaka siku 5. Na nikujibu kabla hujaniuliza, hivyo havitoi mimba iliyokwisha kujishika, vinachelewesha yai.

Kwahiyo jibu la swali lako ni hapana, usivitupe. Mrudishie leo hii, sio kesho.

Sasa hebu tulia nikuulize. Umejuaje kwamba anazini? Wasichana wengi tu wanaandikiwa vidonge hivi kwasababu ya maumivu makali ya hedhi, damu kutoka nyingi kupita kiasi, mzunguko usioeleweka, hata chunusi. Na kwa taarifa yako wewe Mkatoliki, ule waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, Humanae Vitae, huo huo unaotajwa kila ishu ya uzazi wa mpango ikija, unasema wazi kwamba tiba inayohitajika kwa ugonjwa wa mwili haikatazwi hata kama itazuia mimba, mradi kuzuia mimba sio ndo lengo. Sisemi kwa mwanao ndo ilivyo, inawezekana kabisa ana mtu, miaka 17 sio mtoto wa chekechea. Ila wewe hukumu umeshatoa na shahidi hujamsikiliza.

Tuje kwenye hilo la "dini zote mbili". Hapa umechanganya mambo mawili na nadhani ndo maana unahangaika hivi. Zinaa, ndiyo, imekatazwa kote na sitakutafutia uchochoro. Biblia inasema ikimbieni zinaa, Qurani kwenye Suratul Israa inasema hata msiikaribie. Hapo wewe na mumeo mko pamoja, na binti yenu mna haki ya kumwambia hivyo bila kuona aibu. Lakini kuzuia mimba ni swali jingine, na majibu yake hayafanani kama unavyodhani. Kwako Kanisa linakataza vidonge na kondomu, linaruhusu wanandoa kufuata siku za mwili, sawa, ila ukiusoma huo waraka utaona Papa anaongea na watu wa ndoa kuhusu tendo la ndoa, hakukaa kuandika kuhusu binti wa sekondari. Waanglikana waliwaruhusu wanandoa wao toka mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth wa 1930. Na kwa mumeo ndo kabisa, masahaba walisema walikuwa wanafanya azli, yaani kumwaga nje, na Mtume yuko hai na hawakukatazwa, hadithi hiyo iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, na kutokana na hapo wanazuoni wengi wanaruhusu mke na mume kupanga uzazi. Imam Ghazali, aliyefariki 1111, aliliandika hilo kwa kirefu mpaka akataja sababu kama kumlinda mke na hatari ya uzazi na kuogopa mzigo wa watoto wengi. Miaka mia tisa iliyopita huyo! Alafu leo tunaambiana ni mambo ya kizungu.

Kwahiyo kama kuna dhambi kwenye nyumba yako haimo kwenye kidonge, na kumnyang'anya kidonge hakumrudishii usafi. Hili sio la kubuni mimi. Marekani miaka ya 90 kulikuwa na wimbi kubwa la vijana wa makanisani kuweka nadhiri hadharani kwamba watasubiri mpaka ndoa, na watafiti wawili, Bearman na Brückner, wakawafuatilia vijana wa aina hiyo, matokeo yakatoka 2001. Wengi nadhiri iliwachelewesha kweli, na mimi sidharau hilo, kuchelewa ni faida. Ila waliovunja nadhiri walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia kinga siku ya kwanza kuliko ambao hawakuapa. Na inaeleweka, ukibeba kondomu mfukoni ni kama umekiri unapanga kutenda dhambi, bora "itokee tu yenyewe". Ikitokea yenyewe inatokea na mimba. Na mimba ya umri huo sio aibu peke yake, duniani kote matatizo ya ujauzito na kujifungua ni moja ya sababu kubwa zinazoua wasichana wa miaka 15 mpaka 19.

Binti yako, kama kweli ana mtu, basi alifikiria. Najua haikufurahishi kusikia hivyo.

Kuna kitu kwenye barua yako hukukigusa kabisa na mimi ndo kinanisumbua kuliko vidonge: huyo mtu ni nani? Kijana mwenzake wa darasani ni mazungumzo ya aina moja, mtu mzima wa miaka 30 mwenye kazi yake na anayemnunulia simu ni mazungumzo mengine kabisa, na hapo wa kuulizwa sio mtoto. Uliza pia kama alitaka au alilazimishwa, na nani alimpa hivyo vidonge. Uliza taratibu. Ukianza na "umeniaibisha" hilo jibu hutalipata mpaka siku ya mwisho.

Namna ya kuanza: mkiwa wawili tu, mpe pakiti mkononi, mwambie nimeikuta nikaichukua, toka Alhamisi hujameza, tuanze na hilo, kuna la kuwahi? Subiri ajibu hata kama ananyamaza dakika kumi. Atalia, mwache alie. Likishaeleweka hilo ndo umwambie imani yako, iseme yote kama unavyoiamini, kwamba ungependa asubiri na kwanini, usiizungushe kwa kuogopa kuonekana mshamba. Moto wa jehanamu uache, ameshausikia kwa mapadre na kwa mashehe, hana upungufu wa hiyo mada.

Alafu mpeleke kwa muuguzi au daktari apimwe presha na aulizwe kama ana kipandauso, kwasababu vidonge vingine havimfai kila mtu, na kama alipewa na rafiki hakuna aliyemuuliza hayo. Huko pia aambiwe ukweli wa vidonge: ukimeza bila kukosea, kati ya wanawake 100 kwa mwaka hafiki hata mmoja anayepata mimba, ila kwa jinsi watu wanavyomeza kweli, leo amekumbuka kesho kasahau, wanafika karibu 7. Na havizuii Ukimwi wala kaswende, kondomu inabaki palepale.

Kuhusu baba yake. Sitakwambia umfiche milele, nyumba haiendi hivyo, na mtoto ni wake pia. Lakini usimwambie kabla hujajua unamwambia nini. Kama ni tiba ya hedhi utakuwa umewasha moto wa bure, kama kuna mtu mzima nyuma yake hapo unamhitaji mumeo upesi na hasira zake zote, ila ziende kwa huyo mtu. Kama ni kijana mwenzake, muombe binti ruhusa umwambie wewe, na siku hiyo mtoto asiwepo nyumbani, alale kwa bibi au kwa mama mdogo. Mumeo akisema dini inamtaka amuadhibu mkumbushe kwamba Mtume wake huyo huyo alisema anayemsitiri Muislamu mwenzake Mungu atamsitiri, sasa sembuse mwanao wa kumzaa. Hapo mpe chai umwache afikirie.