Kwa wasaidizi wapya wa kisheria Tanga: mteja anapomlalamikia askari

Mteja akiingia na uso umevimba, maelezo marefu yasubiri. Anza na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Uvimbe haungoji mtu. Akichelewa siku chache, daktari wa hospitali ya Bombo hataona cha kuandika. Kituo kinacholalamikiwa kikisuasua kutoa fomu, mpeleke kituo kingine. Ikirudi imejazwa, isome papo hapo: jeraha liko wapi, ukubwa gani, limetokana na nini. Neno "amepigwa" peke yake halimfikishi mbali.

Kisha ulizia namba ya askari. Konstebo mpaka sajini wana namba. Wakaguzi kwenda juu tafuta jina na cheo. Andika namba ya RB (taarifa iliyoandikishwa kituoni), saa aliyokamatwa na saa aliyotoka. Sura ya 20, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, inataja saa 24 za kumfikisha mahakamani aliyekamatwa bila hati, kwa hiyo saa hizo huenda ndizo dai lenyewe.

Malalamiko ya nidhamu yaende kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) au RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) kwa barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea bila malipo, ila haichunguzi jambo lililo mahakamani, basi itangulie. Rushwa ni TAKUKURU, simu 113.

Wapya wengi hukwama hapa: wanangoja majibu ya RPC ndipo wafikirie fidia. Malalamiko hayasimamishi saa ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri. Sura ya 89, Sheria ya Ukomo, inatoa miaka 3 kwa madhara ya kawaida, lakini mwaka 1 tu kwa fidia ya jambo linalodaiwa kufanywa kwa kutekeleza sheria, na mawakili wa Serikali watang'ang'ania huo mmoja. Fanya kazi kwa mwaka 1.

Ndani ya mwaka huo kuna notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, chini ya Sura ya 5, Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali. Inakwenda kwa mamlaka husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Notisi si mgeni wa namna hiyo. Hesabu tangu ilipopokelewa, si ulipoiandika, na usifungue shauri siku ya 89. Iwe imefika kabla ya miezi 8 kwisha tangu tukio.

Shauri lenyewe ni Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Tanga, hata kama dai ni laki tano. Ukilipeleka Mahakama ya Wilaya kwa kuwa fedha ni ndogo, litatupwa. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe; akikosekana, mwenendo wote unabatilika. Hilo ni la kumkabidhi wakili, nawe umpe jalada lililokamilika.

Kwa dai la kushtakiwa kwa hila, kesi ya jinai iwe imeisha kwa faida ya mteja: chukua nakala ya hukumu yenye muhuri. Bado utathibitisha nia mbaya na kukosekana kwa sababu ya msingi. Kuachiwa huru peke yake hakutoshi, na wateja hukasirika wakiambiwa hivyo.

Gharama za dawa, nauli na siku za kazi zilizopotea zinataka risiti moja moja. Maumivu na fedheha, jaji atakadiria.